Ujapo, Uniletee Soksi

Wiki saba nzima nilijibu kitu kimoja: "Sihitaji chochote, niombeeni tu." Kila aliyepiga simu kutoka Ifakara alipata jibu hilohilo, kwa sauti changamfu niliyokuwa naifanyia mazoezi kabla ya kupokea. Simu ikikatika navuta blanketi mpaka kidevuni na kulitazama dirisha. Lilikuwa wazi, kama yalivyokuwa wazi madirisha yote ya wodi ile usiku na mchana, kwa sababu upepo ndio unaofukuza vijidudu vya kifua kikuu. Ulikuwa mwezi wa saba mwaka 2014, Kibong'oto, wilayani Siha, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mimi ni mtoto wa Ifakara, mji wa joto, mbu na mpunga. Sikuwa na soksi hata jozi moja.

Kazi yangu ni ufundi cherehani. Nilikohoa tangu mwaka uliotangulia, nikatibiwa TB ya kawaida, nikapata nafuu kidogo, kisha homa za jioni zikarudi na magauni yangu yakaanza kunipwaya mimi mwenyewe niliyeyapima. Makohozi yakapelekwa kwenye mashine inayoitwa GeneXpert, ambayo ndani ya saa mbili hivi inaweza kusema kama vijidudu vimeshakuwa wakaidi kwa ile dawa kubwa ya TB. Vyangu vilikuwa vimeshakuwa wakaidi. Kifua kikuu sugu. Miaka ile wagonjwa wa aina yetu kutoka karibu nchi nzima walikuwa wanapelekwa Kibong'oto kuanza matibabu, kwa hiyo mwezi wa tano nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa nikiwa na begi moja na maski usoni. (Tulikuwa tunaita maski. Neno barakoa wengi wetu tulilijua 2020, na siku hizo kila mtu alipokuwa analalamika kwamba barakoa inambana pumzi, mimi nilikaa kimya.) Mikumi, Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Nilimwachia dada yangu. Baba yake alikuwa ameshaondoka zamani, na hiyo si habari ya leo.

Nikiwa njiani tu, watu walianza kupita dukani kuchukua vitambaa vyao. Dada alinipigia kuuliza awape au asiwape. Vingine nilikuwa nimeshavikata. Mtu alibeba mikono na kiuno cha gauni lake kwenye mfuko wa Rambo akaondoka navyo, kana kwamba TB inakaa kwenye kitenge. Lililoniuma zaidi ni sare za kwaya. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili usharikani kwetu, na sare za Pentekoste zilikuwa mikononi mwangu, kitambaa cha kijani kibichi, watu ishirini na wawili. Kwaya nayo ikaja kukichukua, ikapeleka kwa fundi mwingine. Nilielewa, Pentekoste haisubiri mtu. Lakini kuelewa hakukunizuia kulia. Baadaye niliambiwa kwamba kola zote zilikaa upande, na nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi siku mbili.

Wodini siku zilikuwa na umbo moja. Asubuhi sindano, kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka makalio yanakuwa magumu na hujui ukalie upande gani. Kisha vidonge, konzi nzima. Kimoja kilikuwa kinaniachia ladha ya chuma mdomoni hata chai ikawa kama imechemshiwa kwenye sufuria yenye kutu. Kila mwezi makohozi yanapelekwa maabara kuoteshwa, na majibu yake unayasubiri wiki nyingi, kwa hiyo hujui kama unapona. Unajua tu kwamba umemeza. Wiki ya tano masikio yakaanza kulia, kengele nyembamba isiyokoma. Muuguzi alikuwa ametuambia mapema kwamba ile sindano inaweza kula usikivu, ikianza na sauti za juu. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la redio. Jioni moja nikagundua kwamba sisikii tena nyenje. Nikamuuliza mwenzangu, "Huku hakuna nyenje?" Akanitazama. "Wanapiga kelele hapo nje hata sisi wengine tumechoka."

Kwa mwanakwaya hiyo ni habari mbaya kuliko homa.

Simu za kunitia moyo zilikuja nyingi mwezi wa kwanza, chache mwezi wa pili. Watu walinitumia mistari ya Biblia, na nilikuwa naijua yote. "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Naijua, naiamini, nimeifundisha shule ya Jumapili. Ila ukisomewa na mtu aliyekaa sebuleni kwake na watoto wanapiga kelele nyuma yake, kuna namna unavyojisikia ambayo huwezi kuisema bila kuonekana huna shukrani. Mtumishi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliniambia kwamba mkristo wa kweli hawezi kuwa mpweke kwa sababu Yesu yuko naye, na kwamba nikijisikia upweke nijichunguze. Nikajichunguza. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujichunguza. Kila usiku nilijikuta na hatia mpya.

Usiku ndio uliokuwa mbaya. Nilianza kuota ndoto nzito, kisha kusikia mtu ananiita jina langu la utotoni wakati nipo macho. Asubuhi moja nilikaa kitandani nikawaza, kwa utulivu kabisa kama mtu anayepanga safari ya Morogoro, kwamba mwanangu angelelewa vizuri tu na dada. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni shetani, au ni ile imani ndogo niliyoambiwa nijichunguze. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye mzaha mwingi, ndiye aliyenikalia pembeni na maski yake akauliza bila mzaha wowote: "Unalala? Unasikia sauti? Unawaza kufa?" Nikashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Akanieleza kwamba katika vile vidonge kuna kimoja, sikloserini, ambacho kwa baadhi ya watu huvuruga akili na kuleta huzuni nzito, na ndiyo maana wanatupa na vitamini B6, na ndiyo maana wanauliza. Daktari akaja, wakarekebisha kipimo. Baada ya wiki mbili hivi yule aliyekuwa ananiita usiku akanyamaza.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kwa watu na nitalirudia hapa. Nilikesha nikifunga na kutubu dhambi iliyokuwa kidonge. Sisemi kila huzuni ni dawa. Huzuni yangu nyingine ilibaki palepale, halali yangu. Lakini kama wewe uko peke yako na mawazo yako yameanza kuzungukia kaburi, usianze kwa kupima imani yako. Anza kwa kumwambia mtu anayekutibu, au mtu yeyote aliye karibu, kwa maneno hayohayo yasiyo na mapambo. Nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye sana, huko Horebu.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha bibi mmoja wa Pangani. Mwembamba, mweusi, mwenye kanga mbili alizozifua kila siku ya pili hata mgongo ukimuuma. Muislamu safi, alikuwa anaswali amekaa kitandani maana magoti yalikataa. Hakujua kusoma, na masikio yake yalikuwa yameanza kuondoka kabla ya yangu, kwa hiyo ukiongea naye unapaza sauti. Aliniona nashika Biblia kila jioni na kuifunga bila kugeuza ukurasa.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "hicho kitabu wakishika tu kama mkoba. Hebu nisomee. Nikae nasikiliza dari mpaka lini?"

Nikamwuliza anataka nimsomee nini. Akasema habari za watu, asitake mahubiri. Nikafungua nilipofungua: Waraka wa pili wa Paulo kwa Timotheo, sura ya nne. Nilikuwa nakwenda kwenye ule mstari wa vita vizuri nimevipiga, mwendo nimeumaliza, ambao husomwa misibani. Nikausoma kwa sauti kubwa, nikajisikia kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu, na marehemu ni mimi. Bibi hakusema kitu. Nikaendelea kwa sababu sikuwa na sababu ya kuacha, nikaingia mahali ambapo huwa hatusomi. Jitahidi kuja kwangu upesi. Dema ameniacha amekwenda Thesalonike. Kreske amekwenda Galatia, Tito Dalmatia. Luka peke yake ndiye aliye pamoja nami. "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi."

"Ngoja," bibi akasema. "Joho ndiyo nini, koti?"

"Ni vazi zito, bibi, kama koti, la kujifunika."

"Yuko wapi huyo?"

"Gerezani."

Akafikiri. "Kumbe mtume wenu naye aliona baridi."

Nikasoma mbele kidogo, na kwa kweli huko mbele kumeandikwa ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Bibi akapiga paja. "Si nimekwambia! Mtu mzima, aomba koti lake na atamani wenziwe. Je, alilipata?"

Nimekaa kanisani tangu utotoni na sijawahi kuulizwa swali hilo. Alilipata? Timotheo alifika? Karpo alilitoa lile joho? "Haijaandikwa, bibi," nikamwambia.

"Basi wewe omba mapema."

Akageukia ukutani akalala. Mimi nililala saa nane.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata usiku ule. Sura hiyohiyo, aya chache baada ya joho, Paulo anasema kwamba siku alipojitetea mara ya kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, wote walimwacha, lakini Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Hiyo nusu ya pili naijua, ndiyo tunayoihubiri. Sikuwa nimeiona nusu ya kwanza ikiwa kwenye barua hiyohiyo, kwa mkono huohuo. Mtu ambaye Bwana amesimama kando yake kabisa, na bado anamwandikia kijana: njoo upesi, pita Troa, lichukue koti, umchukue na Marko. Kuwa na Bwana hakukumfanya aache kuona baridi, wala kutaka watu. Na hakuona aibu kutaja kitu chenyewe, mahali kilipo, na mtu wa kumwuliza.

Nikamkumbuka na Yesu pale kwenye bustani ya Gethsemane. Huyo ni Mwana wa Mungu, amemzoea Baba yake kuliko yeyote, na usiku ule anawaambia watu watatu, wavuvi: "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Hakuwaomba wamtatulie kitu. Aliwaomba wakae macho. Wakalala. Kama upweke ni kukosa imani, basi tumweke na yeye kwenye orodha ya wanaotakiwa kujichunguza, halafu tuone nani atabaki.

Tena Zaburi ya 88. Nenda uisome mwenyewe, yote. Zaburi za malalamiko kwa kawaida zinageuka mwishoni, mtu anaanza kulia na anamaliza kwa sifa. Hiyo haigeuki. Inaishia na rafiki aliyetengwa mbali na giza. Na bado iko ndani ya Biblia, imewekwa pale na watu waliojua wanachofanya, na ilikuwa inaimbwa. Mimi ilinifaa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa zaburi pekee ambayo haikunisukuma.

Asubuhi nikampigia kiongozi wetu wa kwaya, mzee wa watu, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia. Akaanza kama kawaida: tunakuombea, dada yetu, usikate tamaa. Nikamwambia, "Shikamoo tena mzee, naomba nikukatishe kidogo. Miguu yangu inaganda. Naomba soksi. Nzito, jozi mbili. Na ndimu, kwa sababu mdomo wangu una kutu. Na vocha ya elfu tano niongee na mwanangu bila kuhesabu dakika."

Kimya. Nikadhani nimevuka mpaka. Kumbe mzee alikuwa anatafuta kalamu. "Subiri, subiri," akasema. "Soksi... ndimu... Ee Mungu wangu, dada. Wiki zote hizi hatukujua tukufanyie nini. Kila Jumapili tunasimama tunaulizana, halafu tunaomba, halafu tunaondoka na aibu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nawaona kama watu wanaonitupia maneno kwa mbali. Kumbe wenzangu walikuwa wamesimama nje ya mlango nilioufunga mwenyewe kwa ile sauti yangu changamfu.

Kifurushi kilikuja kwa basi mpaka Moshi, na mama mmoja wa usharika wa Sanya Juu, ambaye kiongozi wa kwaya alimpata kwa kupigiana simu mtu hadi mtu, akakifuata stendi na kukileta. Tulikutana naye kwenye benchi la nje, juani, yeye mwisho huu mimi mwisho ule, upepo kati yetu. Ifakara huwezi kupata soksi za baridi. Walichotuma ni soksi za mpira wa miguu, za kijani, za kiume, ndefu mpaka magotini, na nina hakika zilikuwa za timu ya vijana. Nilizivaa palepale juu ya benchi. Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, nikakohoa, nikacheka. Ndimu zilikuwa kumi na tano. Tatu zilikuwa zimeoza njiani, na harufu yake ilikuwa ya nyumbani.

Chini kabisa kulikuwa na kitu ambacho sikuomba: kitambaa cha kijani kibichi, kimekatwa, hakijashonwa, pamoja na sindano ya mkono na reli mbili za uzi. Na karatasi: "Hii ni sare yako. Umalizie mwenyewe, kola za huyu fundi hatuzitaki."

Nilishona kwa mkono, pale nje, wiki tatu. Fundi wa cherehani kushona kwa mkono ni kama dereva wa basi kutembea kwa miguu, lakini siku zilibadilika umbo. Wengine walianza kuniletea vifungo vilivyokatika, zipu, kanzu iliyochanika. Kijana mmoja aliyekuwa mchimbaji Mererani aliniletea suruali akataka ipunguzwe kiuno kwa sababu alikuwa amekonda. Mwezi wa kumi na moja akairudisha nimfungulie kiuno, amenenepa, na wodi nzima ya wanaume ikapiga makofi. Nikiangalia nyuma naona kwamba soksi zilipasha miguu, ila kitambaa ndicho kilichoniondolea upweke, na sikuwa nimejua kukiomba. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuombewa tu. Nilitaka mtu anisubiri kwa sababu ya suruali yake.

Yule mama wa Sanya Juu alirudi. Hakuja kila wiki, ana ng'ombe na migomba yake. Alikuwa anapiga kwanza kuuliza, "Nije na nini?" Akija hakai sana, haombi sala ndefu. Mara nyingi alinisimulia ugomvi wake na jirani juu ya mfereji wa maji. Nilikuwa nausubiri ule ugomvi kama watu wanavyosubiri tamthilia. Sijawahi kujua uliishaje.

Si wote walioitika. Nilikuwa na rafiki, tulipata kipaimara siku moja, tumelala kitanda kimoja bwenini. Nilimwomba waziwazi, kama nilivyomwomba mzee wa kwaya, anipigie kila Jumamosi jioni. Akasema sawa. Hakupiga hata Jumamosi moja. Paulo aliwaombea waliomwacha wasihesabiwe hatia. Mimi nilianza kuomba hivyo karibu na Krismasi, na kwa uaminifu wote bado sijamaliza. Nimesamehe mpaka karibu na hapa, kwenye mabega.

Na bibi wa Pangani: nilimsomea kila jioni mpaka mwezi wa kumi. Ruthu aliipenda mno, akataka mara tatu. Yona alimchekesha. Kisha masikio yake yakafunga kabisa, nikawa nasoma kwa sauti mpaka wodi nzima inasikia isipokuwa yeye. Jioni moja akauweka mkono wake juu ya ukurasa, akatikisa kichwa, akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Kaa tu." Basi nikawa nakaa tu. Aliruhusiwa kabla yangu. Nikimpigia anaongea mjukuu wake, namwambia mwambie bibi hivi, na namsikia bibi kwa nyuma anauliza kwa kelele, "Yule mtu wa soksi?"

Nilirudi Ifakara mwezi wa kwanza 2015, makohozi yakiwa safi kwa miezi mfululizo, nikaendelea na vidonge kwenye zahanati mpaka mwezi wa kwanza 2016. Jumla miezi ishirini. Nilikuwa siambukizi mtu tena, lakini karatasi ya daktari haisomwi na benchi la kanisa. Jumapili ya kwanza tulikaa wawili, mimi na mwanangu, kwenye benchi la watu sita, mimi na sare yangu iliyoshonwa kwa mkono. Jumapili ya tatu tulikuwa wanne. Sitasema zaidi, wengi wao ni wateja wangu leo.

Kwenye kwaya nimehamia upande wa sauti ya nne, karibu na ngoma, kwa sababu soprano, wale wa sauti ya juu, siwasikii tena vizuri. Naona midomo yao inafunguka. Najua noti wanayoimba kwa kuwa niliijua kabla, kwa hiyo naijazia kichwani. Sijawahi kuambiwa na mtu yeyote kwa nini Mungu aliniacha na maisha akachukua nyenje, nami nimeacha kuuliza kila siku. Nauliza mara mojamoja, hasa jioni mvua ikikatika.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya usiku, labda kwenye chumba cha kupanga mji usio wako, labda uko Muscat kwenye chumba cha mfanyakazi nyuma ya jiko la watu, labda umefiwa na nyumba imekuwa kubwa ghafla: sina mstari mpya wa kukupa. Unayo tayari. Ninachokuuliza ni kile alichoniuliza bibi kwa njia yake. Joho lako liko wapi, liko kwa nani? Taja. Usiseme "mnikumbuke." Watu hawajui kukumbuka, wanajua kuleta. Sema Jumamosi saa kumi na moja, sema soksi, sema njoo ukae nami dakika ishirini na usiniombee mpaka nikwambie. Wengine watalala kama wale watatu wa bustanini. Mwingine atakuwa anatafuta kalamu.

Mwaka jana dada mmoja wa mtaa wa pili alianza dawa za TB sugu. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi, tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita, bila ile sindano. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda nyuma ya duka nikalia kidogo, kwa furaha na kwa wivu. Nilimtembelea, tukakaa nje chini ya mwembe. Nikamwuliza nimletee nini.

"Niombee tu, dada."

Nilikuwa naijua ile sauti. "Kuomba nitaomba, hilo halina mjadala," nikamwambia. "Nauliza nije na nini."

Akachora chini kwa kidole cha mguu muda mrefu. "Basi... mto. Wa kulalia. Wangu nimewaachia watoto."

Nilitafuta sufi kwa wiki nzima, maana misufi imepungua. Nikaushona mto nyumbani usiku, sufi zimejaa puani na kwenye nyusi, mwanangu, ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu, akinicheka kwamba nafanana na bata. Simu ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Mlio wake siusikii. Niliona mwanga tu. Ulikuwa ujumbe wake: "Dada samahani kwa usumbufu. Kama hujaanza foronya, naomba iwe ya kijani."